Nimehamia Nakuru, napenda kutembea, ndege na mambo ya kale: nijiunge na nani?

Swali lilikuwa hivi: "Habari mwalimu. Nimehamishwa kikazi kutoka Kisumu mpaka Nakuru, naishi Kiamunyi na binti yangu wa miaka kumi. Kule Kisumu wikendi tulikuwa tunaenda Dunga, kuna vijana wa pale wanajua ndege wote wa kinamasi, na makumbusho ya Kisumu tulikuwa tunapita pia. Huku nimejiunga na grupu moja ya WhatsApp ya kupanda milima, tukaenda Longonot umati mkubwa, spika inapiga mziki mlima mzima, sikusikia ndege hata mmoja. Je hapa Nakuru kuna vikundi vya watu wanaotembea kwa sababu ya mazingira na historia yenyewe? Sina gari."

Dada yangu, asante kwa swali na karibu sana Nakuru. Watu unaowatafuta wako, tena wako karibu na wewe kuliko unavyodhani, ila hawakai mahali unapowatafutia. Ukiandika kwa simu kwamba unataka kikundi cha kutembea Nakuru, utaletewa wale wenye kuandaa safari za wikendi kama kazi yao, na sisemi ni wabaya, wana nafasi yao na nitawafikia, lakini watu wa ndege na watu wa mambo ya kale wamejishikilia kwa mahali. Wako kwa kituo cha misitu, kwa makumbusho, kwa geti la mbuga, kwa chuo kikuu. Wewe mwenyewe vijana wa Dunga hukuwapata kwa intaneti, uliwakuta pale ufuoni, na wanajua ndege wa mafunjo kwa sababu yale mafunjo ni nyumbani kwao, yakikatwa yote wale ndege wanaoishi humo tu hawana pa kwenda na wao pia hawana cha kuonyesha wageni. Nakuru ni hivyo hivyo. Usianze na jina la kikundi, anza na mahali, halafu uliza hapa nani anatunza na wanakutana siku gani.

Na kipimo changu cha kikundi kizuri ni kimoja, nitakwambia mapema ili ukisoma mengine yote ukishikilie: waulize wakishamaliza kupiga picha wanafanya nini. Kama kuna kitu wanahesabu, wanapanda, wanasafisha, wanaandika, wanafundisha watoto, kaa hapo. Kikundi chenye kazi hakifi hata mwenye kukianzisha akihama, na wewe mgeni unapata cha kushika mkononi siku ya kwanza, husimami pembeni ukiona haya.

Sasa tuanze na ndege kwa sababu umetaja ndege mara mbili. Hatua ya kwanza ni kuwa mwanachama wa Nature Kenya. Hili ndilo jina la kila siku la chama cha East Africa Natural History Society kilichoanzishwa 1909, na ofisi yao iko Nairobi kwenye uwanja wa makumbusho ya taifa. Najua utasema Nairobi ni mbali, na ni kweli ile matembezi yao maarufu ya ndege ya Jumatano asubuhi, ambayo yamekuwa yakiendelea tangu 1971, hutayafikia ukiwa kazini huku. Lakini uanachama si wa matembezi ya Nairobi pekee. Unapata jarida lao, unajua safari zinazokuja, na kubwa zaidi unaweza kuwauliza wakuunganishe na wanachama walioko upande wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, maana ziwa Nakuru, Elmenteita na Naivasha zote ziko kwa orodha ya maeneo muhimu ya ndege, na Nature Kenya hufanya kazi na vikundi vya wenyeji kwenye maeneo ya namna hiyo. Mfano mzuri wa vikundi hivyo ni Friends of Kinangop Plateau, hao wako ng'ambo ya Naivasha kwenye nyanda za nyasi za Kinangop, wanamlinda ndege mdogo wa kifua cha manjano anaitwa Sharpe's Longclaw ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya, na anaishi kwenye nyasi fupi tu, mkulima akilima ile nyasi akapanda viazi yule ndege ameondolewa. Ukitaka kuona watu wa kawaida, wakulima, wakifanya kazi ya maana, panga siku moja uende huko. Mimi nawaheshimu sana.

Hatua ya pili ni ya simu na wengi hawaijui. Fungua eBird, programu ya kuandika ndege unaowaona, ni bure, halafu tafuta Nakuru kwenye ramani yao ya sehemu za kuangalia ndege. Kila sehemu inaonyesha orodha zilizoletwa na nani alizileta. Ukiona majina yaleyale yanarudi Menengai, Njoro, Elmenteita kila mwezi, hao ndio watu wako, hawana bango wala ofisi lakini wanatoka. Uanze pia kuandika orodha zako mwenyewe, hata za kwako Kiamunyi, kwezi, chozi, shore, kwarara, mwewe, kunguru, umeandika saa uliyoanza, umetembea umbali gani, umeona wangapi. Kuna pia Kenya Bird Map, hii imegawa nchi yote kwa viboksi vya karibu kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili ya boksi moja inataka angalau masaa mawili ya kuangalia, ukiwa na siku tano za kuongezea. Boksi zingine za Nakuru zina watu wengi sana na zingine za kuelekea Subukia ama Rongai hazipati mtu mara kwa mara, kwa hivyo hata mtu mpya asiye na gari anaweza kuleta kitu kipya akipanda tu matatu ya upande ambao wengine hawaendi. Watu wakishaona orodha zako zinaingia, utatafutwa wewe.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kuhesabu ndege wa maji. Kila Januari, na kwa maziwa yetu ya Bonde la Ufa mara nyingi hata Julai, watu wa kitengo cha ndege cha makumbusho ya taifa pamoja na KWS (shirika la serikali la wanyamapori), Nature Kenya na wanaojitolea wanazunguka maziwa kuhesabu. Hii kazi imefanyika tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Wanaojitolea si lazima wawe wataalamu. Mnapangwa vikundi, kila kikundi kinapewa kipande chake cha ufuo, mmoja anaangalia kwa darubini kubwa ya miguu mitatu anataja jina na idadi kwa sauti, mmoja anaandika tu, mwingine anaangalia msirudie wale walioruka wakatua mbele. Mgeni huanza kwa kuandika, na kuandika ndiko kunakofundisha kwa haraka kwa sababu unasikia jina halafu unainua macho unamwona ndege mwenyewe. Kwa flamingo walioko maelfu hamwezi kuhesabu mmoja mmoja, unahesabu kumi vizuri, unaangalia wale kumi wamechukua nafasi gani kwenye darubini, unasogeza ile nafasi kumi kumi mpaka upate mia, kisha unasogeza mia mia mpaka mwisho wa kundi, halafu mwenzako anarudia bila kuambiwa umepata ngapi na mnalinganisha. Asubuhi moja ya hivyo inakufundisha kitu ambacho mwaka mzima wa picha za WhatsApp hauwezi.

Na hizo hesabu si mchezo. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu 2010, lilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 40 likapita 60, likameza geti kuu la zamani na ofisi za mbuga, likaingia mpaka kwa nyumba za watu upande wa Mwariki. Maji yakiongezeka chumvi inapungua nguvu, na ule mwani wa kijani ambao flamingo mdogo anakula hauzaani vizuri kwa maji yaliyopungua chumvi, ndiyo sababu makundi makubwa ya zamani yamehama kwenda Bogoria na kwingine, wanarudi kwa vipindi. Mtu wa mtaani atakwambia flamingo wameisha. Hawajaisha, wamehama, na tunajua wamehama kwa sababu kuna watu walisimama kwenye matope asubuhi wakahesabu ziwa moja moja. Ukijiunga na kitu kimoja tu Nakuru, jiunge na hiki.

Mbuga yenyewe sasa. Lake Nakuru ni kilomita za mraba 188, imezungushwa seng'enge, ina vifaru, ina simba, kwa hivyo huwezi kuingia kutembea kwa miguu, unashuka gari kwa sehemu zilizoruhusiwa tu kama Baboon Cliff na maporomoko ya Makalia. Ukiwa huna gari njia ya bei nafuu ni kuchanga na wenzako gari moja, au kuingia na kundi la shule ama kanisa. Kuna pia siku ya baiskeli, Cycle with the Rhino, ambapo watu huendesha ndani ya mbuga kuchangia uhifadhi, hiyo ifuatilie kwa KWS, ni nafasi ya pekee ya kupita humo bila vioo vya gari. Lakini kama kitu cha kila wikendi, mbuga si ya mtembeaji, na wageni wengi wa Nakuru hupoteza mwaka mzima wakifikiri hapa hakuna pa kutembea kwa sababu mbuga imefungwa kwa miguu, wakati mlima uko nyuma ya nyumba.

Mlima ninaousema ni Menengai. Kutoka mtaa wa Milimani unaweza kuupanda kwa miguu yako, hata boda huhitaji kama una muda. Juu kabisa ni mita 2,278, na ukifika ukingoni unaangalia chini kwenye shimo la volkano lenye upana wa karibu kilomita 12 kwa 8, chini karibu mita 485, limejaa lava nyeusi na vichaka vya leleshwa. Mvuke unaouona ukipanda mle ndani sehemu nyingine ni wa asili na sehemu nyingine ni visima vya umeme wa jotoardhi ambavyo GDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, imekuwa ikichimba tangu 2011. Wazee wanasimulia vita vya Wamaasai wa Purko na Laikipiak vya karne ya 19, walioshindwa wakatupwa humo shimoni, na ule mvuke ukasemwa ni roho zao zinatafuta njia ya kutoka. Mpaka leo kuna watu wanapanda kusali na kufunga kwenye mapango. Kwa hivyo mahali hapa pamoja una ndege, una jiolojia, una historia na una ibada, na kikundi kizuri kitakutembeza huku kikikueleza yote, si kukimbizana nani amefika wa kwanza. Angalia tai weusi kwenye miamba, wanafuata pimbi, na pimbi utawaona wameota jua asubuhi kama hakuna kelele. Hapo ndipo spika ya mziki inapoharibu kila kitu.

Lakini usiende Menengai peke yako, na hili nakwambia kwa uzito wote, hasa wewe na mtoto. Msitu ni mkubwa, njia ni nyingi, watu wameshaporwa simu huko. Namna ya kufanya ni hii: nenda ofisi ya kituo cha msitu, ya KFS (shirika la serikali la misitu), siku ya kazi, useme unataka kutembea na uulize habari za CFA. Hii CFA ni muungano wa jamii zinazopakana na msitu, sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliyoufungulia mlango na ile ya 2016 ikaendeleza, wanachama wake ni watu wa vijiji vya kando ya msitu, wengine wanafuga nyuki, wengine wana vitalu vya miche, wengine hutembeza wageni. Ukienda na mtu wa CFA uko salama manake anajulikana na anajua njia, na pesa unayomlipa inamwonyesha jirani wa msitu kwamba mti uliosimama una faida. Muulize siku za kupanda miti mvua za Aprili na za Novemba zikianza, nenda ukapande, halafu rudi miezi inayofuata kuangalia kama ulichopanda kimeshika, hapo utakuwa tofauti na wale wengi wanaopanda siku ya kamera wakaondoka. Kwa njia hiyo utajuana na watu wanaotembea msituni kila siku ya Mungu, na hiyo ndiyo grupu ya kutembea uliyokuwa unaitafuta, ila hawajiiti hivyo.

Upande wa mambo ya kale una bahati kubwa sana. Hyrax Hill iko kilomita nne hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Nairobi, unapanda matatu ya upande wa Lanet unamwambia kondakta akushushe hapo kwa bango la makumbusho, unatembea kidogo unafika. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipaona 1926, Mary Leakey mkewe akachimba 1937 na 1938, pakatangazwa mnara wa taifa 1943, na ile nyumba ya shamba ikawa makumbusho 1965. Makumbusho yenyewe ni kadogo, vyumba vichache, lakini utajiri uko nje. Kuna makaburi ya zama za mawe ambayo wanawake walizikwa na mabakuli na sahani za mawe na wanaume hawakuwekewa, kuna mashimo ya makazi ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa Bonde la Ufa, na kuna mwamba umechongwa vishimo vya bao, safu kwa safu, mtu alikaa hapo mamia ya miaka nyuma akicheza na mwenzake vile wazee wanavyocheza sasa. Mpeleke binti yako aweke vijiwe kwenye vile vishimo kwanza kabla hujamsomea chochote, kisha mpande naye mpaka juu mwone ziwa. Zamani sana ziwa lilikuwa kubwa mpaka hicho kilima kikazungukwa na maji, kwa hivyo ukisimama pale ukasikia watu wanashangaa ziwa limepanda, una cha kuwaeleza.

Hapo Hyrax Hill zungumza na wafanyakazi wa makumbusho, si kulipa na kupita tu. Waambie unataka kuwa unakuja, waulize kama wana siku za kusafisha njia, kupokea shule, mihadhara. Siku za kukumbuka ni 18 Aprili, siku ya kimataifa ya minara na maeneo ya kihistoria, na 18 Mei, siku ya makumbusho, mara nyingi kunakuwa na kitu. Ukitaka kuunganishwa na mtandao mpana wa wapenzi wa urithi kuna Kenya Museum Society, tangu 1971, hao pia makao yao ni Nairobi lakini uanachama wao unasaidia makumbusho na wanaandaa safari za kutembelea maeneo ya kale. Kariandusi nayo usiiruke, iko karibu na Gilgil kando ya barabara kuu, unafika kwa matatu, mashoka ya mawe ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, yamelala pale pale yalipochimbwa, ni kazi ya mikono ya watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka nyuma, na kutoka hapo unaliona ziwa Elmenteita ambapo mwari weupe huzaa kwenye visiwa. Siku moja inakutosha mawe asubuhi na ndege mchana.

Kwa sababu unaishi Kiamunyi, Njoro ni karibu kwako. Kuna lile jumba la Lord Egerton, lilianza kujengwa 1938 likamalizika 1954, sasa linatunzwa na chuo kikuu cha Egerton kama makumbusho, watu huenda zaidi kwa ajili ya ile hadithi ya mapenzi yaliyomvunja moyo mwenye nyumba. Mimi ningekushauri zaidi ya jumba utembelee chuo chenyewe upande wa mto Njoro, mto huu ndio unaoshuka mpaka ziwa Nakuru, miti ya kando yake ina ndege wengi, na wanafunzi wa mazingira na biolojia wana vilabu vyao na wanapenda sana mtu mzima akijitokeza. Omba ruhusa kwa geti, sema ukweli unakuja kuangalia ndege, beba kitambulisho.

Sasa wale wa safari za wikendi. Nasema tena si wabaya, na kwa mtu asiye na gari wanakuokolea usafiri mpaka Longonot, Hell's Gate na Eburru, sehemu ambazo ni za kutembea kwa kweli. Longonot ni mita 2,776, kupanda mpaka ukingo ni kama kilomita 3, kuzunguka ukingo wote ni kama 7, na ule mzunguko unachosha kuliko watu wanavyoambiwa kwa matangazo. Kabla ya kutuma M-Pesa uliza maswali matatu. Nani anaongoza, na je ana kadi ya KPSGA, chama cha waongozaji wataalamu wa safari, ama ni mtu tu aliyefungua grupu. Watu wangapi kwa mwongozaji mmoja. Na spika je, inaruhusiwa, manake hili waandaaji wengi wakiulizwa mapema na watu wawili watatu wanaliondoa, wanaiweka tu kwa kuwa hakuna aliyesema. Kwa Hell's Gate ongeza swali la nne, watafanya nini mvua ikinyesha. Ule mfereji wa chini ni mzuri ajabu lakini maji ya mvua iliyonyesha mbali huja ghafla kwa nguvu, watu wamekufa humo 2012 na tena 2019, na mbingu juu ya kichwa chako inaweza kuwa safi kabisa. Mwongozaji akikujibu kwamba usijali, usiende naye, hata kama umeshalipa.

Vitu vidogo. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye mbuga, misitu na maeneo yote ya hifadhi tangu Juni 2020, kwa hivyo nunua chupa ya kudumu mapema usije ukazozana getini. Viingilio siku hizi ni kwa simu, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, usitoe keshi kwa mtu na udai risiti. Nguo za rangi tulivu, kofia, koti jepesi hata Januari kwa sababu Menengai saa kumi na mbili asubuhi ni baridi kuliko Kisumu ulikozoea. Darubini usinunue kwanza. Kwenye vikundi vya ndege watu huazimana, jaribu za wenzako kadhaa ndipo ujue mkono wako unataka ipi, na ukinunua tafuta iliyoandikwa 8x42, inatosha kila kitu na mtoto pia anaiweza.

Na kama umepita kote huko kwa miezi miwili mitatu na bado hujapata watu wa Jumamosi yako, anzisha. Usianze na grupu ya WhatsApp ya watu mia mbili. Anza na watu wanne, sehemu moja, siku moja ya mwezi isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza saa moja asubuhi hapo Hyrax Hill, mvua ama jua, hata mkiwa wawili mnakwenda. Kutobadilika kwa siku ndiko kunakoleta watu, maana mwenye kukosa mwezi huu anajua pa kuwakuta mwezi ujao bila kuuliza mtu. Mmoja anaandika orodha ya ndege, mmoja anasoma ukurasa mmoja wa historia ya mahali kabla ya kuja na kuwaeleza wengine, mmoja anaokota takataka na wengine wanamsaidia. Kama mwaka mzima mtaandika orodha za kilima kimoja kila mwezi mtakuwa mmetengeneza kitu ambacho hata makumbusho watakihitaji. Siku za kualika wageni zipo tayari kwenye kalenda: 2 Februari ya ardhi oevu, na siku ya ndege wanaohama, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba.

Kuhusu binti yako, nenda shuleni kwake uulize kama kuna klabu ya Wildlife Clubs of Kenya. Hii ilianzishwa 1968 na wanafunzi wenyewe, iko mashule mengi nchini, na wana hosteli yao ndani ya mbuga ya Lake Nakuru ambapo vikundi vya shule hulala, mtoto anaamka asubuhi anawakuta nyati nje ya dirisha. Kama klabu haipo shuleni kinachokosekana huwa ni mwalimu mmoja wa kuisimamia na mzazi mmoja wa kumsaidia, na wewe tayari ni mzazi huyo. Mwambie mwalimu safari ya kwanza iwe Hyrax Hill, ni karibu, ni ya bei ya chini, na mwende siku ya wiki asubuhi wakati wafanyakazi wa makumbusho wana nafasi ya kukaa na watoto kwenye ule mwamba wa bao. Halafu Desemba ikikaribia piga simu Nature Kenya na ofisi ya KWS ya hapa Nakuru uulize tarehe ya kuhesabu ndege ya Januari imewekwa lini na wanapokea vipi wanaojitolea, majina huandikwa mapema.